Mkoba Unaomzidi Bi Harusi Umri

Benchi lenyewe ni ubao mrefu juu ya matofali sita. Limeegemea ukuta wa duka langu la fotokopi hapa Bagamoyo mjini, chini ya dirisha, kwa hiyo hata nisipotaka kusikia, nasikia. Kuanzia saa mbili asubuhi wanakuwa watatu. Yupo Ausi Tangawizi, muuza kahawa, ambaye birika lake ndilo linalofungua na kufunga kikao. Yupo Medard, fundi viatu kutoka Fukayosi, wanayemwita Daktari kwa sababu kiatu kikishapita mikononi mwake hakirudi kilivyokuwa. Na yupo Mwalimu Adrian, mstaafu, mwenye methali kwa kila jambo, ingawa ni nadra methali na jambo kukutana. Alhamisi moja akaongezeka wa nne: Hamoudi wa duka la mapazia, ambaye tangu arudi kutoka Uturuki alikofuata mzigo wanamwita Istanbul. Alikuja amekumbatia mfuko wa kitambaa kama mtu aliyebeba mtoto anayetaka kuamka.

Ndani ya mfuko mlikuwa na mkoba wa kike wa Kifaransa, wa ngozi, rangi ya tende. Hamoudi alieleza kwamba siku yake ya mwisho ya safari aliingia kichochoro kimoja akakuta duka la bibi aliyevaa glavu nyeupe, anauza vitu vya fahari vilivyokwisha kutumika: mikoba, saa, vidani, vikuku. Akanunua mkoba huu kwa ajili ya Lujain, mchumba wake, pamoja na bangili ya dhahabu. Bei walipomuuliza, alikohoa.

Sasa, alasiri ya siku hiyo sanduku la harusi lilikuwa liende kwa kina Lujain, na sanduku huku kwetu halipokelewi kimyakimya. Linafunguliwa mbele ya ukumbi mzima wa wanawake. Bi Mardhiya, shangazi yake bi harusi, ananyanyua kitu kimoja kimoja, anakitaja, anakinusa, ndipo vigelegele vinafuata. Au havifuati. Kila kitu kinatakiwa kiwe kipya, lebo inaning'inia. Na mkoba wa Hamoudi ulikuwa na mkwaruzo kwenye pembe, na mpini wake umepauka pale uliposhikwa.

— Bi Mardhiya akiunusa tu, nimekwisha, alisema Hamoudi. Atautangazia ukumbi kwamba nimemletea mwanawe mtumba.

Medard aliugeuza chini juu.

— Kwani si mtumba?

— Daktari, hii inaitwa vinteji.

— Mtu aliubeba?

— Aliubeba, ndiyo.

— Basi.

Mwalimu Adrian aliomba cheti kilichokuja na mkoba, akavaa miwani, akakisoma kwa sauti ya kusahihisha insha. Mkoba ulikuwa na miaka arobaini na mmoja. Lujain ana ishirini na sita. Kwa heshima za pwani, alisema, bi harusi akikabidhiwa itabidi aanze kwa kuuamkia shikamoo.

Hapo kila mmoja akataka kueleza ni kwa nini mtu mwenye akili zake auze kitu kizuri namna ile. Medard alikuwa na hakika ni zipu. Mzungu, alisema, zipu ikimsumbua mara mbili haendi kwa fundi, anaachana nayo. Ausi alisema kinachoachwa si zipu, ni mume. Wanawake wa Ulaya wakiachika huuza zawadi zote walizopewa, kwa hiyo kila mkoba wa duka lile umebeba talaka ndani yake. Akapiga hesabu kwa vidole: miaka arobaini na mmoja, kila mwenyewe miaka kumi.

— Talaka nne katika mkoba mmoja, alisema akimmiminia Hamoudi kahawa. Hata sheria inaishia tatu.

Mwalimu aliingiza mkono ndani, akakuta kijifuko kidogo kwenye kitambaa cha ndani, na kijifuko hicho kikatosha kumthibitishia kwamba mkoba ulikuwa wa jasusi. Pale haiingii poda, inaingia barua tu. Kuishi kwingi kuona mengi, alisema, na wenye siri zao hawachoki kuzitafuta. Siku moja gari jeusi litashuka mpaka Mlingotini, kwa kina Lujain, kuuliza mkoba. Hamoudi, ambaye alikuja na hofu ya shangazi mmoja, sasa alikuwa na hofu ya shangazi, waume wanne wa talaka na serikali ya kigeni.

Nikauliza kutoka dirishani: na bangili je? Si imetoka duka hilohilo, na si ilivaliwa pia? Wakanitazama kwa huruma. Dhahabu haina mtumba, alinieleza Ausi. Ukishaiosha kwa ndimu ni mpya. Nikasema basi ampigie Lujain amuulize. Hamoudi akakiri kwamba alikuwa dukani kule alipomtumia picha za mikoba sita, na Lujain mwenyewe akachagua huu. Ila hakumwambia ni wa zamani. Aliamini picha imeficha uzee wake.

— Hapigiwi, aliamua Mwalimu. Mchagua jembe si mkulima.

Hakuna aliyeelewa, ndiyo maana hakuna aliyepinga.

Medard alikuwa amekwisha fungua sanduku lake la kazi. Alimwahidi Hamoudi kwamba kwa vikombe viwili vya kahawa mkoba utasahau kwao. Mwalimu akaunga mkono kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo maradhi yafichwe vizuri. Hamoudi alishika mpini, akauachia, akaushika tena. Halafu akauachia.

Mkoba ulisuguliwa kwa brashi na sabuni ya unga mpaka ile rangi ya tende ikatoka na povu. Ukapakwa rangi ya viatu nyeusi, mara mbili, ukaanikwa juani. Zipu ya shaba iling'olewa ikawekwa mpya, ya manjano, yenye meno ya kutisha. Ausi akakumbusha habari ya lebo. Medard akachana moja kutoka kwenye boksi la makubazi, akaining'iniza. Mwisho wakaja dirishani kwangu kununua nailoni ya kufunikia madaftari, ili unuke upya. Nikawauzia. Ningefanyaje, ndiyo biashara yangu.

Ulipokamilika walisogea nyuma kuutazama. Ulimetameta kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Hamoudi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ndipo akatokea Zeyana, dada yake Lujain, amekuja mbiombio, ushungi umelegea.

— Shikamoo Mwalimu.

— Marahaba, binti yangu.

Akamgeukia Hamoudi. Ametumwa na bi harusi, alisema, sanduku litafuata baadaye lakini mkoba unatakiwa sasa hivi. Wageni wamejaa tangu asubuhi na wamekataa kungoja. Bi Mardhiya keshawatangazia kwamba leo wataona mkoba wa kale kutoka Ufaransa, uliobebwa miaka arobaini mpaka ukalainika kama shavu, na Lujain anawapitishia picha yake kwenye simu, anawakuzia ule mkwaruzo wa pembeni. Mkwaruzo huo ndio uliomfanya auchague kati ya sita. Shangazi ametaka aletewe na kitambaa cheupe cha kuushikia.

Hamoudi alimpa alichokuwa nacho. Zeyana akafunua nailoni, akausogeza puani, akasoma lebo ya makubazi saizi arobaini na mbili. Akaurudisha juu ya benchi taratibu, kwa adabu.

— Huu nao mzuri, shemeji. Na ule wa zamani uko wapi?

Ausi akainamisha birika juu ya kikombe, halikutoa kitu. Mwalimu Adrian alivaa miwani, akaanza kukisoma upya kile cheti. Medard alificha mikono yake myeusi chini ya aproni. Kisha, polepole, mmoja ukatoka, ukaingia kwenye sanduku la kazi, ukarudi na kipande cha msasa.

— Nusu saa tu, alinong'ona. Nitaurudishia uzee wake.

Hamoudi alinyakua mkoba akaukumbatia kifuani, kanzu nyeupe ikapata rangi yote ya viatu iliyokuwa haijakauka.

— Zeyana, alisema, niazime simu yako. Nimpigie Lujain.

Kahawa ilikuwa imekwisha, lakini hakuna aliyenyanyuka.