Kompyuta ya Samuye Isipelekwe Isaka

Mgeni rasmi, viongozi wa meza kuu, na nyote mliokula vumbi kutufikia,

Karibuni. Waliotuzidi umri shikamooni, waliobaki, marahaba.

TULIKOTOKA

Sisi ni bibi tunaolea wajukuu ambao wazazi wao wako machimboni Geita. Kompyuta hii tulipewa ili tuwaombee wajukuu vyeti vya kuzaliwa, na tuwaone watoto wetu uso kwa uso.

MAFANIKIO

Vyeti vinatoka. Naye Bibi Esta alimwona mwanawe akicheka, meno mawili ya mbele hana. Akamgombeza hapo hapo.

CHANGAMOTO

Mashine ikawa nzito. Unabonyeza herufi, unakwenda kugeuza maharage, ukirudi ndiyo inatokea. Mkaguzi aliyetumwa kuikagua akaandika kwenye taarifa yake kwamba imezeeka pamoja na wenyewe, ipelekwe Isaka wapewe vijana.

Neno hilo lilimchoma zaidi Bibi Scolastika, mtunza ufunguo wetu. Alifuta video za ngoma walizojaza wajukuu, wapi. Aliizima akaiwasha, asubuhi nyepesi, mchana inaganda. Ndipo akampigia Rushabh, fundi wa Shinyanga mjini, mtoto wa Madhuben muuza vitenge. Rushabh akamwambia aiguse. Ilikuwa na joto la chungu. Akaulizwa juu yake kuna nini. Akajibu kwa fahari kuwa kuna kitambaa cha maua mekundu alichokifuma mwenyewe, na chini yake kanga, vumbi lisiingie.

"Bibi, umeiziba pua," Rushabh akasema. "Ikizidiwa na joto inapunguza mwendo, isiungue."

Mama Martina, mwenzetu aliyekuwa pembeni, akadakia kwamba kwake redio na runinga zote zimevaa vitambaa na hazijalalamika. Scolastika aliivua kitambaa na kanga, akachomoa waya wa umeme, akasugua vumbi kwenye matundu ya feni kwa brashi ya rangi, taratibu, kama anayemsafisha mtoto masikio. Sasa inafunguka kabla hujakaa sawasawa.

OMBI

Gari la kuichukua tumeliona kwenye msafara wako. Mpya hatuombi. Tunaomba uketi uandike jina lako kwenye kompyuta hii, kabla ya chakula. Imewaka tangu alfajiri, na huu ndio mchana iliokuwa ikiganda. Hatukutaka kuipima asubuhi. Ikikwama, ibebeni, nasi tutasaidia kupakia. Isipokwama, taarifa ile ifutwe mbele yetu, na ufunguo ubaki kwa Scolastika.

Kiti hiki hapa, mheshimiwa.

Mungu akurudishe salama kwa wako, nasi atuachie kilicho chetu. Asante, wabeja sana.

Ni sisi,
Kikundi cha Bibi Walezi, Samuye