Tarsis Kimaryo na Karatasi Yake ya Mwani

Wasifu huu ameuandika mjane, Celina, na anausoma binti yake, Evelyn. Ameagiza usirukwe hata mstari. Baba mdogo Ansbert, keti tu, jina lako litafika.

Tarsis alizaliwa Kibosho tarehe 9 Mei 1944. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akapata kozi ya ufundi, na mwaka 1966 akaajiriwa maabara ya kiwanda cha umma cha magunia, Dar es Salaam. Alimwoa Celina mwaka 1970. Nyuzi za katani alizijua kuliko alivyowajua ndugu zake, na hilo ndilo lililomponza.

Ikaja enzi ya ruksa, milango ya biashara ikafunguliwa. Mifuko ya plastiki ikamiminika, na mwaka 1990 kiwanda kikafungwa. Aliyeijaza Kariakoo mifuko hiyo ni mdogo wake wa damu, Ansbert, ambaye alimpa pole na kalenda ya duka.

Uani kwake, mtaa wa Gerezani, Tarsis akaanza kuchemsha mwani wa Unguja, kuumwaga kwenye masinia na kuuanika, apate karatasi ya kufungia vyakula ambayo ikitupwa inaoza. Ikawa inachanika. Akatia nyuzi za katani zilizosagwa. Zikafanya madonge, karatasi ikatoboka. Celina akachoka. "Baba Evelyn, umesoma bure? Zichemshe na magadi kwanza, kama maharage magumu!" Akazichemsha, akazisuuza, na karatasi ikabeba vitumbua vinne. Tarsis alicheka mpaka akakaa chini.

Akampelekea Ansbert amuuzie dukani. Ansbert aliimwagia chai ya moto mbele ya wateja. "Kaka, hii si chupi ya samaki?" Mkavunjika mbavu. Ndiyo, ninyi. Celina anawakumbuka kwa sura.

Mvua za 1995 mifuko iliziba mitaro, maji yakaingia dukani kwa Ansbert hadi kwenye kaunta. Tarsis alikwenda kusaidia kuchota. Celina asingeweza.

Figo zilimlaza Januari, akafariki tarehe 2 Machi 1996. Aliomba azikwe hapa hapa Dar, si Kibosho kwa mababu. Mwenye lawama akamlaumu yeye.

Vitumbua mlivyokula asubuhi vilifungwa kwa karatasi zake za mwisho. Haikuchanika hata moja, na Ansbert alirudia mara mbili.

Ameacha mjane, binti huyu mmoja aliyerithi masinia, na mdogo wake Ansbert, aliyeleta shada la maua ya plastiki. Shada lirudi dukani. Karatasi zilizo mikononi mwenu zitupeni kaburini. Zitaoza pamoja naye, kama alivyotaka.

Pumzika, Tarsis, kwa amani uliyonyimwa Kariakoo.