Mama Alinificha Maumivu Yake, Bwana Akanifungua

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa! Asifiwe na ninyi mliokaa huko nyuma, maana najua baridi ya leo imewakimbiza karibu na ukuta. Mimi ni Mama Eliya. Wengi mnanijua kwa kazi yangu. Ni muuguzi, na ndimi mratibu wa huduma ya kuwatunza wagonjwa mahututi majumbani, wale ambao hospitali imesema hakuna tena matibabu ya kuwaponya. Leo sikuja kusimulia kazi. Nimekuja kusema jinsi Bwana alivyonitoa kwenye shimo, ingawa ndugu zangu, bado nalia ninapolitazama.

Kazi hii naipenda. Kila Jumatatu nilikuwa napanga nani aende Gare, nani apande Bumbuli, pikipiki ipi ina tairi zima, mofini ya maji ya kutuliza maumivu imebaki kiasi gani. Niliwafundisha wahudumu wetu: mgonjwa akikwambia hajambo, usiondoke. Kaa. Mtazame anavyogeuka kitandani. Muulize analalaje, anakula nini. Ndugu zangu, nilifundisha hayo mpaka sauti ikakauka.

Na mama yangu mzazi alikuwa kijijini kwetu Mgwashi, anaumwa saratani ya titi, na mimi sikujua.

Nilikuwa napita kwake kila gari la huduma lilipopanda upande ule. Namkuta amekaa kwenye kiti nje, amevaa masweta mawili na khanga juu yake. Mgwashi kuna baridi, nani angeshangaa? Alinukia dawa ya kuchua. Nikasema ni mgongo, ni kazi ya shamba. Ananipa chai, ananifungia maharage na viazi, ananiambia, "Nenda mwanangu, wagonjwa wanakungoja." Nami nakwenda! Ee Bwana, nilikuwa nakwenda kweli.

Aliyejua ni mtu mmoja tu, wifi yangu Rehema, mke wa kaka yangu. Ndiye aliyekuwa akimwosha kidonda na kumbadilisha vitambaa. Mama alimwapisha asimwambie mtu, hata kaka yangu, na hasa mimi. Siku mama alipoanguka jikoni ndipo Rehema akanipigia simu huku analia. Nilipofika mama hakuweza kusema tena. Nilifungua yale masweta kwa mikono yangu. Ndugu zangu, nimeona vidonda vingi katika kazi hii. Kile sikuweza kukitazama.

Alifariki kabla hatujamfikisha hospitali. Mimi niliyebeba dawa ya maumivu milima yote hii, mama yangu hakuonja hata tone.

Kwenye mazishi Rehema alinyoosha mkono kunipa pole. Niliuacha hewani mbele ya watu. Nilimwambia, "Wewe umeniulia mama." Tangu siku ile sikukanyaga Mgwashi. Wagonjwa wa kule nilimpangia muuguzi mwingine. Nilikuja ibadani, niliimba kwaya, nilishika Biblia, lakini moyoni palikuwa pamefungwa. Nikipiga magoti kuomba, nasikia sauti inaniambia: unatunza mama za watu. Nikawa mkali kazini. Wauguzi wangu waliniogopa. Nyumbani sikucheka. Nilikuwa nimeandika barua ya kuacha kazi kabisa!

Ndipo nikapelekwa kwa Zaina.

Zaina alikuwa binti wa Kiislamu, bondeni chini ya Gare, mwenye mtoto mmoja mdogo. Alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, na madaktari walikuwa wamemwambia ukweli wote. Mama yake, Bi Mwanahawa, mkulima wa karoti na kabichi, hakuambiwa. Yeye alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe atapata nguvu, karoti zikikomaa watakwenda wote kuuza Lushoto.

Siku ya kwanza tu Zaina alinishika mkono. "Dada, niapie. Mama asijue. Akijua ataacha kula, ataacha shamba. Nataka nimwone hivi alivyo."

Sheria ya kazi yetu ni moja: siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Nikaapa. Natoka nje, Bi Mwanahawa ananingoja njiani na jembe begani.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Nesi, niambie. Mwanangu anapona?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimeapa! Nikamwambia, "Muulize mwenyewe, mama." Nikashuka njia ile haraka, na katikati ya shamba la watu nikasimama. Nilimwona Rehema mawazoni. Nilimwona anaulizwa na mimi kwenye simu, "Mama hajambo?" naye anajibu, "Hajambo, wifi," na sauti yake inatetemeka, nami nakata simu kwa sababu nina kikao. Mzigo ule alioubeba peke yake, mimi nimeubeba kwa muda wa kuvuka ua tu na umenishinda. Nilikaa chini kwenye majani mabichi nikamlilia Mungu. Sikuomba maneno mazuri. Nilisema tu, Baba, nimemwonea yule mwanamke.

Niliporudi kwa Zaina sikuvunja kiapo. Nilimsimulia habari za mama yangu, masweta na yote. Nikamwambia, "Mdogo wangu, siri ni yako, sitaitoa. Ila mimi nilinyimwa nafasi ya kumwosha mama yangu, na hiyo nafasi haitarudi." Siku nyingine nilipokwenda akaniambia, "Mwite mama. Lakini usitoke."

Nikamwita, Zaina akamwambia. Bi Mwanahawa hakulia. Alisimama, akachukua jembe, akaenda shambani. Zaina akanitazama kama mtu aliyepigwa. "Unaona? Nilikwambia!" Nami niliogopa, nikajuta kuingilia. Tulisikia jembe linapiga udongo, linapiga, linapiga. Kisha likanyamaza. Bi Mwanahawa akaingia, amenawa mikono na miguu, akapanda kitandani akamkumbatia mwanawe kama mtoto mchanga. Akasema, "Sasa nionyeshe panapouma."

Kuanzia hapo yeye ndiye aliyempa dawa kwa saa zake. Waliongea. Walipanga mtoto atalelewa na nani. Walicheka pia, nilisikia kicheko kutoka barabarani! Zaina alifariki mikononi mwa mama yake bila kupiga kelele za maumivu, na mama yake alikuwepo kwa kila jambo.

Baada ya msiba huo nilipanda Mgwashi. Rehema alikuwa anaanika mahindi. Aliponiona alisimama akiogopa. Nilimwambia, "Onga mshi, wifi," salamu ya nyumbani, maana Kiswahili kilinishinda. Nikapiga magoti. "Nisamehe. Nilikuachia mama, halafu nikakutukana kwa kumtunza."

Aliniinua. Tulilia mpaka kuku wakala mahindi. Nikamwuliza lile lililonitesa: kwa nini mimi hasa?

Rehema akasema, "Nilimwomba mara nyingi akwambie, wifi. Alikuwa anajibu: yule mtoto kila mlango anaofungua kuna mgonjwa. Acha abaki na nyumba moja ya kupumzika."

Ndugu zangu! Nilidhani mama hakuniamini. Kumbe alikuwa ananihurumia. Siku ile Bwana alifungua kile kifungo. Barua ya kuacha kazi niliichana. Rehema sasa ni mhudumu wetu kule Mgwashi.

Sitawadanganya kwamba majuto yameisha. Ningependa kumpa mama hata kijiko kimoja cha ile dawa. Sitampa. Lakini naomba tena, na ninasikilizwa. Namshukuru Mungu, namshukuru Bi Mwanahawa, ambaye si wa dini yangu na Mungu alimtumia. Na wewe unayemkasirikia mtu kwa ajili ya marehemu, mwamini huyu Yesu leo. Usingoje Jumapili nyingine. Mtu huyo mfuate akiwa bado anaweza kukufungulia mlango, na Bwana atatangulia njiani. Amina.