Simu Ndani ya Kopo la Unga

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika hospitali hii, fundi wetu wa kompyuta anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Wengi mnamwita Zima-Washa. Mimi namwita mwanangu, kwa kuwa nilimzaa, na ndiyo maana wahariri wa jarida hili la wafanyakazi wameniomba niandike. Walianza kwa kumwomba yeye mwenyewe. Akawapa mistari miwili, wa pili ukiwa ni sahihi yake. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu haujawahi kulalamikiwa, na habari zake ninazo nyingi kuliko faili lake la ajira.

Alianza kazi siku zile kadi za wagonjwa zilipokaa kwenye makabati ya chuma, na kutafuta kadi ya mtu ilikuwa safari. Mgonjwa aliweza kupona akiwa kwenye foleni. Wakampa chumba kando ya stoo ya mashuka, kompyuta moja na feni isiyozunguka, wakamwambia atengeneze mfumo wa kadi. Akautengeneza peke yake kwa miezi kumi na minne. Ndio huo mnaoutumia kwenye dirisha la kadi hadi leo: jina, mwaka wa kuzaliwa, namba ya kadi, faili linafunguka. Majirani walipouliza kijana wangu anafanya kazi gani, niliwajibu kwamba anaendesha hospitali. Sikuona haja ya kupunguza.

Si msemaji sana, lakini hutupa maneno yake njiani kama mtu anayetema mbegu za chungwa, na anayeyaokota hucheka wiki nzima. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto alibandika neno lake la siri ukutani ili asilisahau. Zima-Washa akapita, akalisoma, akasema hilo si siri tena, ni tangazo, akaendelea na safari yake. Kuhusu kompyuta alisema haina akili wala kiburi, ina utii tu, na mtii asiye na akili ndiye huyo anayewasumbua. Ikikuambia subiri dakika moja, kabandike maharage. Printa haiharibiki siku tupu, husubiri mkurugenzi asimame mlangoni. Na mtu akija akiapa kwamba hajagusa kitu chochote, huyo ndiye wa kuanza kumuuliza.

Nasema haya si kwa kuwa ni mwanangu. Nasema kwa kuwa ni kweli, na pia ni mwanangu.

Sasa nieleze kwa nini anastaafu mwezi huu na si miaka miwili iliyopita, alipofikia umri. Mara ya kwanza aliombwa abaki miezi mitatu tu, maana mfumo anaujua yeye peke yake. Miezi mitatu ikazaa mingine. Mara ya pili keki ilikwisha kukatwa na hotuba imefika katikati, simu ikaita kutoka dirishani. Mstaafu akatoka na kipande chake mkononi, akarudi kazini kwa miezi minane. Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumaliza sahani ya chakula mezani kwangu simu isiite. Nilikuwa nikifunika sahani, nikifunua, nikifunika tena, mpaka kawa likachakaa.

Mwezi uliopita mkurugenzi akaweka sharti. Mfumo uende siku saba bila mwanangu kuulizwa neno. Ukienda, aondoke kwa amani. Akiulizwa hata mara moja, abaki mwaka mwingine. Mrithi wake alikuwa tayari, yule binti mnayemwita Bi Kwanini kwa wingi wa maswali yake. Mstaafu akaja kwangu Jumapili na begi dogo, simu ameishika kama yai.

Nikamwambia, "Leta."

"Mama, wakikwama je?"

"Watakwamuka. Leta."

Kuizima alikataa katakata. Nikaitia kwenye kopo la unga, nikaliweka juu ya kabati.

Jumatatu hadi Jumatano kimya. Alhamisi saa nne asubuhi yeye yuko uani anatengeneza banda la kuku, mimi napepeta mchele, kopo likaanza kunguruma. Nikaipokea na unga wake.

"Shikamoo mama. Naomba niongee naye, nusu dakika tu." Alikuwa Bi Kwanini.

"Marahaba. Hayupo." Alikuwepo. Nilikuwa namwona pale uani, ana misumari mdomoni.

Akanieleza kwamba kadi mpya hazifunguki tangu asubuhi na foleni imefika getini. Sauti yake ilikuwa imekaribia kulia. Moyo wangu uligawanyika vipande viwili. Huku wagonjwa wamesimama, huku mwanangu yuko hatua kumi tu, na neno lake moja lingewaondolea shida. Neno hilo hilo lingemrudisha kule mwaka mzima, naye ana miaka sitini na miwili, na mimi sihesabu tena yangu. Nilishafika mlangoni kumwita.

Ndipo nikakumbuka jambo analolirudia kila akija kula: watu hawasomi. Kompyuta inawaandikia barua nzima, wao wakifika kwenye "Ndugu" wanapiga simu.

"Imeandika nini?" nikamuuliza binti.

"Imeandika haiwezi kufungua kadi mpya."

"Basi?"

"Kuna kamshale hapo chini, mama."

"Kafuate. Nisomee mpaka mwisho, mimi nasikiliza."

Akasoma. "Namba za kadi zimejaa. Kadi za zamani zote zipo, hakuna iliyopotea. Umetazama kwa mdomo, sasa tazama kwa macho. Fungua mipangilio, palipoandikwa tarakimu sita weka saba. Ukimaliza, kanywe maji."

Nikakaa chini. Maneno hayo ya mdomo na macho ni yangu mimi. Alipokuwa darasa la pili alizunguka nyumba nzima akipiga kelele, "Mama, shati halipo," na shati liko kwenye kiti linamtazama. Nilimjibu hivyo kila siku ya shule. Sikujua kama alikuwa anasikia.

"Mama, upo?" binti akauliza. "Mbona mfumo wote unasema hivi? Ukikosea mwaka wa kuzaliwa unakuambia mtu huyu bado hajazaliwa, kamuulize mama yake. Ukikaa bila kuandika kitu unakuuliza umelala au unawaza."

Kumbe nimewagombeza watu wa dirishani kwa karibu miaka thelathini bila barua ya ajira.

Sita ikawa saba, foleni ikasogea. Kadi ya milioni moja ilikwenda kwa baba mmoja mwenye jino linalouma. Dirisha zima lilimpongeza, naye akadhani wanamcheka. Bi Kwanini alikunywa maji kama alivyoagizwa, akanipigia kunijulisha.

Mstaafu alipoingia kunawa aliuliza, "Nimesikia kama kitu kinanguruma?"

"Natikisa unga," nikasema. Mungu atanisamehe, unga kweli ulitikisika.

Nilimwambia Jumamosi jioni, siku ya saba ilipotimia, akiwa mezani. Akashangaa kwamba namba zimejaa. Alizipigia hesabu ya miaka hamsini, akaandika ule ujumbe kwa ajili ya atakayekuwepo, kisha akausahau. Nikamwambia watu wamezaa, hawakumsubiri. Akauliza swali moja tu, kama ujumbe waliusoma.

"Mpaka mwisho," nikamjibu.

Akashusha pumzi ambayo nadhani aliivuta siku alipoajiriwa. Halafu akala. Alimaliza sahani, akaniangalia, akaomba nyingine. Kawa likabaki ukutani.

Wapo waliouliza kama simu ile inahesabika. Mkurugenzi ameamua kwamba sharti lilikuwa fundi asiulizwe, na hakuna aliyemuuliza. Aliyeulizwa ni mama mwenye mchele wake.

Nawashukuru wauguzi waliomwekea chai, watu wa dirishani waliovumilia ulimi wangu bila kujua ni wangu, mkurugenzi aliyetimiza neno lake, na Bi Kwanini, ambaye sasa anasoma kila kitu hadi nukta ya mwisho. Mfumo uko mikononi mwa mtu. Sote tunaweza kulala.

Nawe mwanangu, wenzako wanakutakia siku ndefu zisizo na kengele, mimi nakutakia chakula kinacholiwa kikiwa moto. Simu yako nimeirudisha palepale. Siku ukiitaka usiniite. Tazama kwa macho.