Injini Imegoma Kukojoa

Kijiwe chetu ni benchi moja na jiko la Mama Kahawa. Leo kimeongezeka kitu: nyuma ya jiko kuna pipa la maji, na Nahodha ameifunga hapo injini ya boti yake, kuukuu kuliko ndoa nyingi za mtaani. Injini kama hii ikiwaka hutoa kijimkondo cha maji ubavuni, wenyewe tunasema inakojoa, na maji hayo ndiyo yanayoipoza. Asubuhi ilikojoa vizuri. Sasa tone hakuna, na ikikimbia kavu itaungua. Kesho Nahodha anamvusha binti yake kwenda kuanza kazi ng'ambo.

— Tundu nimelizibua kwa waya, mpira wa pampu nimeweka mpya. Nifanye nini tena jamani?

— Umri, akasema Daktari, aliyepata udaktari kwa kusikiliza redio. Wazee hupata shida ya mkojo. Hata mimi…

— Yako hatujakuuliza, akamkata Mama Kahawa, akichota birika jingine.

— Kahawa ya leo nzito, nikamsifu.

— Injini inaona haya, akasema Kinyozi. Wewe unaweza kukojoa watu wamekukodolea macho?

Hoja ilikuwa na uzito.

— Basi tugeuke.

Tukageukia ukuta. Nahodha akavuta kamba, injini ikanguruma, akaizima upesi.

— Vipi?

— Kavu.

— Umechungulia wewe! Umeiharibia.

— Imesusa, akasema Daktari. Imezoea mto mzima, leo unaipa pipa. Ibembeleze.

Nahodha akaibembeleza kweli, mkono begani pa injini. Kisha akakaa chini, na hapo hata mimi roho iliniuma.

— Nimemsomesha kwa injini hii. Leo ndiyo inakuja kumkwamisha.

Binti mwenyewe akatokea, viatu vipya vya kazini mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Akachungulia pipani. Maji yalikuwa chini kabisa. Matundu ambayo injini hunyonyea maji yalikuwa juu, makavu.

— Baba, pipa si nililijaza mwenyewe asubuhi?

— Ulilijaza hadi juu.

Akalitazama birika.

— Na kahawa mnapikia maji gani?

Kinyozi akakumbuka ana mteja. Daktari akakiweka kikombe chini, taratibu. Mama Kahawa akalifunika birika. Nahodha peke yake alicheka, ndoo mkononi, macho yamemlowa.

Mimi nilikuwa nimeshaongezewa mara tatu.