Herufi Zikivaa Uniforme

Benchi yetu ya Butembo iko mbele ya mulango ya Jéthro, mwalimu wa kompyuta, na groupe yake ya umeme inatupasuliaka masikio. Yuko anatengeneza programme ya kufasiria banafunzi amri za mashini ya kuandika barua ndani ya ordinateur. Mwenye haraka ni Sophie, dactylo, mupiga-mashini wa paroisse. Mashini yake ya zamani hapana ruban ya wino tangu vita ifunge njia, na kesho padiri anakuja kumupima kwa ordinateur. Akishindwa, kazi imekwisha. Jana alifinya d mara mbili, mustari muzima ukapotea. Alilia, na sisi bote ilituuma.

— Batu ya benchi, munisaidie, Jéthro akasema. Mwanzo, kila herufi ni amri. Ukifinya i, zinaandika tu. Ukifinya kifungo Échap, zinarudia kuamuru. Nifasirie namna gani?

— Pepesi, rahisi kabisa! akasema Moustapha wa kahawa, ule tunamuita Dubaï ingawa hajavuka hata mupaka ya Kasindi. Ni sawa mutoto wa dada yangu. Bila uniforme: «Jambo, muyomba.» Akivaa uniforme, anakula mbuzi yangu.

— Voilà! Jéthro akasema. Donc Échap ni uniforme!

— Na kuchunga kazi isipotee? Kambere akauliza, ule anabebaka mizigo kwa chukudu.

— Ni kuficha mbuzi chini ya kitanda, Dubaï akajibu.

— Mais mbuzi italia!

— Unaifunga kinywa, mujinga!

— Na kutoka?

— Ni barrière ya askari njiani, Jéthro akasema. Unafinya nukta mbili, na q. Kama haujaficha mbuzi, wanakukatalia. Ukiongeza alama ya mushangao, unapita.

— Na mbuzi?

— Mbuzi imekwenda.

— Nyamuhanga, Mungu wetu! Kumbe hii ordinateur inaishi hapa kwetu!

Jéthro akaandika yote. Sophie akafika, akafinya, akasoma: «D mbili inakula mbuzi.» Hapana alicheka.

— Jéthro, ukurasa ni mweupe tu. Mbele ya kufinya, nitajua namna gani kama sasa herufi ni raiya ao ni askari?

Dubaï akatikisa thermos: kahawa hapana. Pale pale pickup ikapita na bijana ba bunduki, nusu na uniforme, nusu na kaptula za football. Tukasimama bote, tukabaamukia kwa mikono mbili.

— Hata sisi hapana tunajua, Kambere akasema.

— Basi programme ianze pale, Sophie akasema. Iniambie ile kwanza.

Jéthro akafuta mbuzi zetu zote. Akaweka chini ya ukurasa, kwa herufi kubwa: SASA NI ASKARI. Sophie akafinya i. Ikageuka: SASA NI RAIYA. Akavuta kiti, akaanza kuandika.

Sisi tukabaki kuangalia njia. Pickup ilikuwa inarudia.