Mzee Dakika na Nyundo ya Tawi

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimjua kwa jina la Mzee Dakika, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika nyumba za reli, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji. Alikuwa kitinda mimba wa mpiga kengele wa stesheni. Mama yake alipenda kusimulia kwamba watoto wengine walilia treni ilipopita; huyu alilia ilipochelewa.

Alianza shule mwaka 1956 na kuishia darasa la nane. Alipenda kukaa nyuma na kunyamaza, tabia ambayo mwalimu wake aliiita uvivu.

Mwaka 1967 aliajiriwa kwenye genge la njia ya reli, kazi ya kubeba mataruma, kushindilia kokoto na kupigilia misumari. Mwaka huohuo alijiunga na tawi la chama cha wafanyakazi wa reli, lililokutana kwenye ghala kuukuu nyuma ya karakana. Tawi lilianzishwa na madereva wa treni, na madereva walipenda kusema. Watu wa genge, waliokuwa juani tangu asubuhi, walisinzia wameegemea ukuta mpaka mkutano unafungwa hawajafungua kinywa.

Tarehe 2 Septemba 1973 alifunga ndoa na dada wa dereva mmoja, rafiki yake wa chanda na pete. Inasemekana alipojikaza kumweleza rafiki huyo nia yake, alijibiwa, "Umechelewa. Nilishamwambia dada kuna bubu mmoja atakuja." Walijaliwa watoto wanne.

Alipochaguliwa mwenyekiti wa tawi, mwaka 1975, marehemu aliingia na nyundo ya genge akaitua mezani. "Anayetaka kusema aishike kwa mkono mmoja, aunyooshe mbele," alisema. "Mkono ukishuka, amemaliza. Na hakuna kubadilisha mkono." Madereva walicheka, wakaijaribu, wakaacha kucheka. Mikutano ikawa mifupi, na watu wa genge wakaanza kusikika. Yeye mwenyewe, pamoja na mkono wake wa chuma, hakuwahi kusema zaidi ya dakika moja. Jina likamganda.

Mwaka 1981 tawi zima liligoma. Madereva walipewa walichodai wakarudi kazini. Genge likaachwa nje, na baadhi yao hawakurudishwa kamwe. Shemeji yake, yule dereva rafiki yake, alikuwa miongoni mwa waliorudi. Katika mkutano uliofuata marehemu alinyanyua nyundo, akamtazama, akasema neno moja tu, "Msaliti," akaiweka chini.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Kwenye shughuli za familia walikaa meza moja, mke wake katikati.

"Mwambie kaka yako anisogezee chumvi."

"Mwambie mumeo mkono anao."

Watoto walicheka chini kwa chini, lakini mama yao hakucheka. Aliumia kwa miaka mingi, na hofu yake aliisema waziwazi: kwamba mmoja atamzika mwenzake kabla hawajasalimiana.

Marehemu alistaafu mwaka 2003. Mwaka 2017 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi. Novemba mwaka uliofuata, tawi likiwa limebaki na watu wachache, madereva walitaka kujitenga na kuunda tawi lao. Marehemu aliposikia, alimwambia binti yake, anayesoma wasifu huu, "Nitafutie viatu."

Mkutanoni, zamu yake ilipofika, alijikongoja hadi mezani. Mkono mmoja ulikuwa umekufa, mwingine umeshika mkongojo. Aliitazama nyundo. Hakuna aliyethubutu kumwambia aseme bila kuishika, kwa kuwa sheria ilikuwa yake. Ndipo shemeji yake alipoinuka kutoka benchi la madereva, akaishika nyundo, akaunyoosha mkono.

"Sema, shemeji."

"Utachoka. Leo nina mengi."

"Atakayechoka ni mimi. Wewe sema."

Na Mzee Dakika alisema kwa kirefu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliwataja wenzake wa genge ambao hawakurudishwa kazini, mmoja mmoja. Aliliondoa neno lile, mbele ya watu kama alivyolitamka. Aliwasihi madereva wasiondoke. Mkono wa shemeji yake ulianza kushuka, akaihamishia nyundo mkono wa kushoto. Kila mtu aliona. Hakuna aliyepinga, na tawi halikugawanyika.

Jioni ile mezani, marehemu alisema, "Shemeji, chumvi." Ikasogezwa. Mke wake aliinuka akaenda jikoni, akalia huko peke yake.

Kiharusi cha pili kilimchukua nyumbani kwake, asubuhi ya tarehe 9 Juni 2019, mke wake akiwa kando ya kitanda.

Ameacha mke, watoto wanne, wajukuu, shemeji yake, na tawi moja la chama cha wafanyakazi wa reli.

Familia ilikusudia wasifu huu uwe mfupi, kama ambavyo yeye angetaka. Shemeji yake ameomba usomwe wote. Amesimama hapo kando ya jeneza, ameinyoosha nyundo ya tawi tangu tulipoanza kusoma. Mkimwona amebadilisha mkono, tafadhali, mtu asipinge.

Mzee Dakika amemaliza kusema. Mungu ampe pumziko la amani.